Utepe wa Fundi na Sikio la Mama Redio

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daktari amekubali kunipasua. Nilitoka chumbani kwake nikitembea kama mshindi, mpaka ngazi za hospitali ziliponikumbusha magoti yangu.

Amekubali kwa masharti. Kanichorea picha. Hili ni tumbo, atalipunguza libaki dogo kama ndizi. Hili juu yake ni ini. Ini langu limejaa mafuta, limelala juu ya tumbo na kuliziba. Lisiponywea kabla ya siku ya upasuaji, atachungulia, atafunga, atanirudisha nyumbani vile vile nilivyokwenda. Nikauliza kama haiwezekani kulisogeza pembeni kidogo na kulishikiza na kitu. Hakucheka.

Kwa hiyo nile kidogo, wiki za mwisho ninywe majimaji tu, na kila Alhamisi nihudhurie kikundi cha wenzangu wanaosubiri upasuaji huo huo. Tena kila mtu anapewa mwenzi. Nikasema mimi nina mke, na anazungumza kutwa, mwenzi wa nini? Nesi akasema mke ni mke. Mwenzi ni mtu anayeijua njaa hii kwa tumbo lake mwenyewe.

Naandika hapa sababu ya kukubali yote haya, nisije nikaisahau mbele ya sahani. Ni mjukuu wangu. Akija kwenye duka langu la ushonaji hutafuta pa kukaa pajani kwangu. Ananitazama mbele, ananizunguka, anakosa. Tumbo limeshakalia mapaja yote. Basi huenda kwa bibi yake. Jana hakutafuta hata kidogo, alinipita moja kwa moja. Imeniuma kuliko magoti.

Mpango: kikundini nitakaa nyuma, nitatikisa kichwa, nitaonekana. Mambo ya kula nitajua mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Kikundi. Chumba cha nyuma ya zahanati, ukuta wa kijani, dirisha kubwa, mabenchi mapana yasiyo na mikono. Naandika habari za mabenchi kwa sababu mtu mwembamba hawezi kuelewa. Popote niendapo, kabla hata ya salamu, macho yangu hukagua viti. Hiki kitanibeba. Hiki kitanivunjikia mbele za watu. Hiki kina mikono, kitanikaba. Leo nilikaa tu, kama watu wanavyokaa. Kikao kilikuwa kimeshakolea ndipo nikagundua kwamba sikukagua kitu.

Nilidhani nitakuta watu wa kulialia. Wanacheka. Mmoja alisimulia alivyonasa kwenye kile kigeti cha chuma cha kuzunguka pale uwanja wa mpira, watu wa nyuma wakawa wanamsukuma kwa zamu. Tukavunjika mbavu wote. Kigeti kile nakifahamu. Mimi siku yangu nilisema nimesahau tiketi nyumbani nikageuza.

Yupo Mwokaji. Ana duka la keki. Mtu anayesubiri kupunguzwa tumbo, anashinda kutwa na krimu mpaka kwenye viwiko, na nasikia hajaramba hata kidole tangu mwaka uanze. Ana kijiti cha meno mdomoni muda wote, anasema ndicho mlinzi wake. Kapungua kuliko wote. Wanampigia makofi. Simpendi.

Mwenzi wangu ni Mama Redio. Anafanya kazi kwenye kampuni ya teksi, ndiye anayepokea simu za abiria na kuzungumza na madereva kwa redio. Mwanamke mkubwa kama mimi, sauti ya upole, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Sharti lake ni moja. Nikishikwa na tamaa nimpigie simu kabla sijala. Hatanihubiria. Ataniuliza swali moja tu, lile lile analowauliza madereva wake: uko wapi sasa hivi? Nikajisemea moyoni kwamba swali hilo hata mtoto analipiga chenga.

Mizani ni ya daktari, siku za mwisho. Kikundini wanapima kwa utepe. Unazungushiwa utepe kiunoni, unakatwa pale ncha zinapokutana, unaandikwa jina lako. Baada ya wiki mbili unazungushiwa ule ule. Ukipungua ncha zinapishana, kilichozidi kinakatwa na kutiwa kwenye chupa ya kioo pale dirishani. Chupa ina vipande vya miaka na miaka, vya watu walioshapona na kwenda zao. Nesi akiona utepe wako unafupika vizuri, ndipo anapompelekea daktari jina lako.

Sasa tepe za nesi zimechakaa, zimefumuka. Nikanyoosha mkono. Nikasema mimi ni fundi cherehani, nitashona mpya za kikundi kizima, kwa moyo mmoja. Makofi. Mengi kuliko ya Mwokaji, nadhani.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Wazo limenijia nikiwa na pini mdomoni. Nusura nizimeze.

Tepe za wenzangu nimezishona kwa pamba, nzito, safi, haivutiki hata uipigie magoti. Wangu nimeushona kwa kitambaa cha kuvutika, kile cha nguo za mazoezi. Bluu ile ile, pindo lile lile. Siku ya kwanza nitauzungusha bila kuuvuta. Siku ya pili nitauvuta kidogo, ncha zitapishana. Siku ya tatu nitauvuta zaidi. Kila mara nesi atakata, kila mara watanipigia makofi, na mimi sitakuwa nimeacha hata mfupa mmoja wa kuku. Mizani ya daktari nitaifikiria baadaye.

Ili usipotee kati ya wenzake, nimeutia alama: uzi mwekundu kwenye ncha. Mke wangu akauliza ninachekea nini. Nikasema nafurahi kuwa na kikundi.

Jioni nilipita kwenye kibanda cha chipsi. Nikasema acha nimfurahishe mwenzi wangu, aone natii. Nikampigia, nikasema nina tamaa. Akauliza uko wapi sasa hivi. Nikasema niko dukani kwangu, nashona. Akasema cherehani yangu hiyo inakaanga.

Nikasema ni mvua. Akasema sawa, nijifunike. Hakuniambia nisile. Nilikula, lakini nikaacha chache.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Maafa.

Asubuhi nilimwachia mjukuu kikapu cha tepe achezee wakati natafuta kofia. Tangu aanze kutembea nimemfundisha kitu kimoja tu cha ufundi: uzi ukining'inia, tunakata. Tulipofika kikundini nikafungua kikapu kutafuta uzi mwekundu. Hakuna. Tepe zote safi, mtoto kanipangia vizuri kabisa, bibi yake alimpa na biskuti kwa kazi nzuri.

Nikaanza kuzipapasa moja moja. Nesi akasema Fundi hana haraka leo, akanichukulia kikapu, akagawa kama karata. Nikapokea wangu. Nikauvuta. Haukuvutika. Pamba tupu.

Nikawatazama wenzangu. Wote wamezungushiwa, wote wanasifu kazi yangu, wananiambia mshono umenyooka. Mmoja wao amevaa uongo wangu kiunoni na hajui. Mwokaji akanipa mkono. Nikaomba Mungu usiwe kwake.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Sasa nina utepe wa kweli, itabidi nipungue kweli. Nilijikaza kisabuni siku mbili. Mchana wa tatu mguu wa kuku ulinishinda. Niliula stoo, nyuma ya marobota ya vitambaa, nimesimama, taa imezimwa. Nikasikia mteja, nikatoka mbio, nikamvisha suti yake ya kujaribu. Wakili. Alipogeuka, mgongoni nikaona vidole vyangu vyote vya mkono wa kulia, vimejichora kwa mafuta, hata cha gumba.

Nikamwambia ni chaki ya fundi, hutoka kwa pasi. Haijatoka. Nimepiga pasi, nimepaka unga, nimepiga pasi tena. Sasa vinaonekana vizuri zaidi.

Mama Redio alipiga saa hiyo hiyo kunijulia hali. Uko wapi sasa hivi? Nikasema niko mbele ya dirisha, napumua hewa. Akasema sauti yangu inatoka mahali penye vitambaa vingi. Yule mwanamke ana sikio. Wanasema madereva wa kampuni yao hawajawahi kumdanganya wako njiani wakati wako hotelini. Anasikia vijiko.

Alhamisi, tarehe 27 Machi

Siku ya kipimo.

Mwokaji alianza. Ncha zikapishana kidogo, kipande cha ukweli, nesi akakata, makofi. Nilipiga makofi pia, tena kwa nguvu, maana nilikuwa nimehakikisha si yeye mwenye utepe wangu.

Nikafuata mimi. Ncha hazikupishana. Hazikukutana hata. Kati ya ncha na ncha palikuwa na uwazi wa kupitisha mkono. Aliyenenepa hakatiwi utepe. Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka. Waliniambia hutokea, kila mtu imemtokea, nisikate tamaa, na Mwokaji akanisogezea nafasi karibu yake kwenye benchi. Nilimchukia kwa wema wake kuliko nilivyomchukia kwa kupungua.

Akaja Mama Redio. Nesi akazungusha, akavuta aukaze, ncha zikapishana mpaka zikafika pembeni mwa mbavu. Chumba kizima kikasimama. Nesi akasema hajaona jambo kama hili tangu aanze kazi, na kwamba jina la Mama Redio linakwenda kwa daktari kesho, kuna nafasi wiki ijayo.

Nikaliona mbele ya macho yangu. Ini lake. Lile ini la pichani, limelala juu ya tumbo, halijanywea, na daktari amefungua kwa ajili ya utepe wangu.

Mama Redio hakusimama. Aliutazama ule utepe. Akasema vifungo vya blauzi yake vinamwambia habari nyingine. Wenzake wakamwambia asijidharau, ajipigie makofi. Akasema hapana, yeye hawezi kulala kwenye kitanda cha upasuaji kwa kuamini kitambaa, wasubiri. Alikataa mwenyewe nafasi ambayo mimi nilikuwa naiiba kwa sindano na uzi. Wengine wangeipokea kwa mikono miwili wakakimbia nayo. Mimi ningekimbia.

Nesi akasema bahati nzuri tunaye fundi, aukague. Nikapewa utepe wangu mwenyewe mkononi. Nikavaa miwani. Nikaugeuza, nikaunusa, nikauinua kwenye mwanga wa dirisha. Watu wote wakinisubiri. Nikasema ni unyevu. Vitambaa vingine vikipata unyevu hulegea.

Wakatikisa vichwa, wakajifunza kitu kipya. Mama Redio akautia utepe mkobani, akaniomba nimshonee mwingine Jumamosi, kama sina kazi nyingi. Nikasema sina.

Jumamosi, tarehe 29 Machi

Alikuja. Akaketi kwenye benchi la wateja, maana aliona kwamba kiti kina mikono. Akatoa ule utepe. Akaushika ncha kwa ncha mbele yangu, akauvuta, ukaenda, ukaenda, akauachia ukarudi. Akafanya hivyo tena. Kisha akauweka juu ya meza ya kukatia na kuuliza lile swali lake. Uko wapi sasa hivi?

Nikasema niko hapa, dukani, dada, unaniona. Akauliza tena, kwa sauti ile ile ya upole.

Sijui ni nini kilinipata. Nikasema niko stoo. Niko nyuma ya marobota na mguu wa kuku, taa imezimwa, na niko huko tangu nilipokuwa kijana. Nikamweleza utepe, uzi mwekundu, wakili. Nikamweleza mjukuu anayenizunguka akitafuta pa kukaa. Nililia mbele ya mteja, jambo ambalo fundi hafanyi. Akanipa kitambaa cha kufutia machozi, kilikuwa kipande cha bitana yangu mwenyewe, nikakitumia.

Hakunikaripia. Alinieleza habari yake. Kutwa nzima anawatumia watu magari. Mtu yuko kwenye mvua, yeye anamtafutia gari. Mtu anaumwa, yeye anamtafutia gari. Jioni kazi ikiisha anarudi nyumbani kwa miguu, anapumzika njiani kwenye kuta za watu, kwa sababu mkanda wa teksi haumfungi na dereva mmoja aliwahi kumwambia mbele ya wenzake kwamba atavunja kiti. Anataka siku moja tu apande gari alilojitumia mwenyewe, afunge mkanda, aseme twende. Alisema hivyo bila kulia. Nikaona kwamba mwanamke huyu ana moyo mpana kuliko mabenchi yote ya kikundi, na mimi nilikaribia kumfanya apasuliwe bure.

Nikamwambia nitakwenda mbele ya nesi niseme yote. Akasema nesi ana kazi zake. Anachotaka ni kwamba kuanzia Jumatatu atakula chakula chake cha mchana hapa dukani kwangu, na mimi nile naye. Kampuni iko karibu. Nikasema chakula gani. Akatoa chupa ya supu nyepesi. Niliona chini ya chupa.

Jumatano, tarehe 2 Aprili

Supu nyepesi. Maziwa ya unga wa hospitali. Maji. Maji tena. Kichwa kinauma, nimemkaripia mke wangu kwa kufungua jokofu kwa kelele.

Mama Redio anakuja kila mchana na chupa yake. Tunakunywa polepole, kijiko kwa kijiko, kama mabalozi. Ananisimulia madereva wake. Yupo mmoja ambaye kila akiitwa yuko kwenye mataa ya barabarani. Mji mzima hauna mataa mengi hivyo. Nikicheka nasahau njaa. Akiondoka njaa inarudi, lakini inarudi peke yake, haina tena ule upweke wa stoo. Sijui kuieleza vizuri.

Leo alikuja na Mwokaji. Nikasema ndiyo haya. Mwokaji akaniletea pakiti ya vijiti vya meno. Akanifundisha: kijiti kikiwa mdomoni, mkono unakwenda kinywani unakuta mlango umefungwa, unarudi. Akasema mwezi wa kwanza alikuwa anatafuna pakiti nzima na kulia juu ya keki za watu. Krimu zake zilikuwa na chumvi. Sikujua. Nilidhani kwake ni rahisi.

Naandika kwa shingo upande: ni mtu mzuri. Nimempunguzia suruali zote, zilikuwa zinampwaya.

Jumatatu, tarehe 7 Aprili

Ninajivunia kusema nilikuwa na siku njema mpaka alasiri. Kuna kopo la vifungo. Chini ya vifungo vyeusi kuna biskuti, niliziweka mwezi uliopita kwa dharura. Si kosa langu kwamba nilikuwa natafuta kifungo cheusi.

Simu ikalia. Uko wapi sasa hivi? Nikasema mezani, nashona koti. Akasema anasikia vifungo. Nikasema koti lina vifungo. Akasema vifungo haviliwi, Fundi.

Nilikuwa bado sijatafuna. Nilikuwa nimeishika tu. Tukakaa kwenye simu, yeye anawajibu madereva wake, mimi nimeshika biskuti. Aliita gari la mama mjamzito, akaita gari la mzee wa kwenda kliniki ya macho, akamuuliza yule wa mataa kama mataa bado hayajawaka kijani. Baada ya muda nikaona kwamba biskuti ni unga tu na sukari. Nikamwambia naitupa. Akasema anasubiri kusikia kopo la taka. Nikaitupa kwa nguvu asikie.

Alhamisi, tarehe 10 Aprili

Ncha zimepishana!

Utepe wa pamba, ule wa kweli, usiovutika hata uupigie magoti. Nesi alizungusha, uwazi wa mkono haupo, ncha zikapita, vidole viwili. Akakata. Sauti ya mkasi nimeisikia maisha yangu yote na sijawahi kuisikia tamu hivyo. Kipande changu kimo kwenye chupa, juu ya vipande vya watu nisiowajua. Nilikitazama muda wote wa kikao.

Mama Redio, kwa utepe mpya niliomshonea, vidole vinne. Safari hii alisimama, akajipigia makofi mwenyewe. Majina yetu mawili yanakwenda kwa daktari pamoja. Habari ya unyevu hakuigusa hata kwa utani. Nesi ndiye aliyenikumbusha: akanishukuru mbele ya wote kwa kuligundua tatizo la kitambaa mapema, akasema bila jicho la fundi mambo yangeharibika. Nikamtazama Mama Redio. Akapiga makofi pamoja na wengine. Nikainama kwa heshima.

Ijumaa, tarehe 25 Aprili

Naandika kitandani. Matundu matano tumboni, madogo, mshono wake ni mzuri, hata mimi nimekubali.

Mama Redio alitangulia Jumanne. Kabla hawajamwingiza alinitumia ujumbe wa sauti: asije mtu akamtafuta, yuko mapokezi, amevaa gauni la hospitali lisilofunga nyuma, na ni fundi gani aliyelishona. Nilicheka mpaka nikaogopa. Kisha nikakaa kwenye benchi la korido mchana kutwa, nimeshika kofia, mpaka nesi alipotoka akasema imekwenda vizuri.

Jana zamu yangu. Mke wangu alinishika mkono mpaka mlangoni, na baada ya mlango ule hawamruhusu mtu. Nililala pale nikizihesabu taa kwa hofu. Daktari wa usingizi akauliza kama nina swali. Nikamwambia aniulize niko wapi sasa hivi. Akashangaa, akauliza. Nikasema niko hapa. Ilikuwa kweli, sikuwa na mahali pengine pa kujificha, na hofu ikapungua.

Daktari alipita asubuhi. Ini lilikuwa limenywea, halikumsumbua. Akasema nimejiandaa vizuri. Nikamwambia nilikuwa na mwenzi. Mke wangu aliyekuwa pembeni akasema na supu je, nani alikuwa anachemsha. Nikasema na mke.

Mwokaji alikuja kututembelea wote wawili. Alileta maua. Upasuaji wake ulisogezwa mbele kwa sababu ya presha, na bado alikuja akicheka, na kijiti mdomoni. Mimi nisingekuja.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Mambo mawili makubwa, na moja dogo la kikazi.

La kwanza. Ijumaa jioni Mama Redio alijitumia gari. Aliita kwa redio mwenyewe, akataja mtaa wa kampuni, abiria mmoja. Alikuja dereva wa mataa, na safari hii alikuwa karibu kweli. Mama Redio akakaa mbele, akavuta mkanda, ukafunga, ukalia mlio wake. Anasema alikaa kidogo ameushika ule mkanda, dereva hata hakuwasha muziki. Kisha akasema twende. Alinipigia akiwa njiani. Sikumuuliza yuko wapi, nilisikia gari likitembea.

La pili. Leo mchana mjukuu alikuja dukani. Akapita kwenda kwa bibi yake kama kawaida, akasimama, akarudi, akanizunguka. Akagusa paja kama mtu anayejaribu ngazi mpya. Akapanda. Si pana sana, bado ni ncha ya paja tu, lakini alitosha. Alikaa. Alinukia sabuni. Nilishindwa kushona, machozi yalikuwa yanaziba tundu la sindano.

Hili la kikazi. Nesi amenipa heshima. Kuna mtu mpya kikundini, muuza magodoro, mkubwa, mpole, ana hofu, na mwenzi wake nitakuwa mimi. Nimeguswa sana. Na yule Mwokaji, ambaye upasuaji wake ni mwezi ujao, naye kapewa mtu mpya, dada mmoja wa posta. Nimewatazama wote wawili. Wa posta ana dalili za kupungua haraka. Anakataa hata chai.

Sitaki makuu. Ila mtu akija kwenye kikundi mara ya kwanza anahitaji kutiwa moyo. Akiona utepe umepishana mapema atapata nguvu za kuendelea kwa ukweli. Hilo nalijua kwa uzoefu. Wala si wa kuvutika sana, ni kidogo tu, wa kuanzia. Na kitambaa kile cha bluu cha kuvutika kilibaki kipande kizuri, ni dhambi kukitupa. Nimekitandika mezani. Mjukuu yuko pajani, ananishikia ncha, na safari hii alama nimeifuma kwa ndani asiione.

Simu imelia sasa hivi. Mama Redio. Akauliza uko wapi. Nikasema niko nyumbani, dada, nimepumzika na mjukuu, tunatazama picha.

Akasema anasikia mkasi.